Vitamini, zinki, yurea ya kupulizia au mbolea ya kukuzia: kipi kitayafaa mahindi yako?

Mahindi yamefika magotini, yamepauka, na mkulima ana bomba la mgongoni na uwezo wa kununua kitu kimoja tu. Mbele yake kuna vitamini ya kupulizia kwenye majani, zinki, yurea ya kuyeyusha majini, na mfuko wa mbolea ya kukuzia. Vyote vinasifiwa kwamba huongeza mavuno. Lakini sifa hazimsaidii mtu kuchagua. Kinachosaidia ni gramu: kila kimoja kinaingiza kitu gani kwenye mmea, kiasi gani, na mmea wenyewe unadai kiasi gani.

Msimamo wetu tuuweke wazi mapema. Vitamini ya majani ndiyo ya mwisho kwenye foleni. Ina kazi yake, na vipimo vyake tutavitoa hapa kwa ukamilifu, ila shamba lenye njaa ya naitrojeni au zinki halishibi vitamini.

Hesabu ya ekari moja

Bomba la lita 20 likipuliziwa kwa kiwango cha lita 200 kwa hekta, mabomba 4 yanamaliza ekari moja. Ni lita 80 za maji. Tuutumie ujazo huo kupima kila kitu.

Anza na yurea ya kupulizia ya asilimia 2, yaani gramu 20 kwa kila lita. Lita 80 zitabeba kilo 1.6 za yurea. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo ekari imepata takriban kilo 0.74 za naitrojeni. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukiwekwa chini ya ardhi unaleta kilo 23. Ili bomba lilingane na mfuko, ingebidi upulizie mara 31. Tani moja ya punje za mahindi hutoka shambani na naitrojeni ya kilo 12 hadi 15 hivi, bila kuhesabu iliyobaki kwenye mabua. Kwa maneno mengine, mpulizo mmoja wa yurea unatosha punje za kilo 50 hivi, na hapo ni kama hakuna tone lililopotea.

Zinki inakuja na sura nyingine kabisa. Zinki salfeti ya kawaida ina zinki asilimia 21 hivi. Ukiweka gramu 5 kwa lita, lita 80 zinabeba gramu 400 za salfeti, ambazo ndani yake mna gramu 85 za zinki. Tani moja ya punje hubeba gramu 20 hadi 30 tu za zinki. Kwenye karatasi, mpulizo mmoja unagusa mahitaji ya punje za tani 3 au 4. Ndiyo sababu zinki hupita vizuri kwenye jani, lakini naitrojeni haitoshi kupitia njia hiyo: jani ni mlango mwembamba, na mzigo wa zinki ni mdogo.

Sasa vitamini. Asidi askobiki, yaani vitamini C, hupuliziwa kwa miligramu 100 hadi 200 kwa lita. Ekari nzima inapata gramu 8 hadi 16. Thiamini, yaani vitamini B1, hupuliziwa kwa miligramu 50 hadi 100 kwa lita, sawa na gramu 4 hadi 8 kwa ekari. Viwango hivi si vibaya, ndivyo vinavyotumika kwenye majaribio mengi. Jambo la kushika ni kwamba vitamini si chakula cha mmea. Mmea wa mahindi huijenga vitamini C wenyewe kutokana na sukari, na majani yake tayari yana vitamini C nyingi kuliko hiyo uliyoimwaga. Thiamini nayo kila molekuli yake ina atomu 4 za naitrojeni na 1 ya salfa. Mmea uliokosa naitrojeni na salfa unakosa malighafi ya kujitengenezea vitamini zake, na dawa ya tatizo hilo ni malighafi, ambazo hupatikana kwenye mbolea.

Kwa hiyo vitamini hufanya nini hasa?

Jua linapokuwa kali na maji hakuna, jani huendelea kupokea mwanga ambao haliwezi kuutumia wote. Nguvu hiyo ya ziada huzalisha ndani ya seli kemikali zenye kuunguza, mojawapo ikiwa haidrojeni peroksaidi. Vitamini C ndiyo inayotangulia kuzizima kemikali hizo ndani ya sehemu za kijani za jani. Kwa sababu hiyo faida ya kuipulizia huonekana zaidi mmea ukiwa kwenye shida: ukame wa muda, chumvi kwenye udongo au kwenye maji ya kumwagilia, joto kali. Kwenye vyungu na kwenye mashamba yenye chumvi, mimea iliyopuliziwa mara nyingi hubaki na kijani zaidi na mizizi mirefu zaidi kuliko ambayo haikupuliziwa. Kwenye shamba lililolishwa vizuri, lenye maji ya kutosha, tofauti huwa ndogo na haitabiriki.

Thiamini hufanya kazi kwenye uchomaji wa sukari ndani ya seli, na kwenye baadhi ya mimea imeonekana kuamsha kinga dhidi ya magonjwa kabla ugonjwa haujaingia. Niasini (vitamini B3) na piridoksini (vitamini B6) hutajwa pia, lakini kwa mahindi ya shambani hatuoni sababu ya kuzinunua peke yake. Riboflavini (vitamini B2) iache kabisa: mwanga wa jua huivunja haraka, nawe unaipulizia mahali penye jua.

Hapa pana kipimo kimoja kinachowafaa wanunuzi wengi. Ukipulizia "vitamini" na baada ya siku 4 au 5 shamba zima likageuka kijani kibichi, iliyofanya kazi hiyo karibu hakika si vitamini. Vitamini C haina madini ndani yake, na haiwezi kulirudishia rangi yake jani lililokosa naitrojeni au zinki. Bidhaa hiyo ina naitrojeni, magnesi, chuma au zinki, na mara nyingine homoni za ukuaji. Geuza chupa, tafuta asilimia. Chupa ya lita 1 yenye zinki asilimia 5 kwa ujazo ina gramu 50 za zinki. Linganisha na gramu 85 ulizopata kwenye gramu 400 za salfeti ya kawaida, kisha uamue unalipia nini. Kama lebo inataja "vitamini na virutubisho" bila asilimia hata moja, huna cha kulinganisha, iache.

Jani linasema nini kabla hujanunua

Ingia katikati ya shamba, siyo pembezoni, na uangalie mimea 20 hivi. Jiulize kwanza: dalili ipo kwenye majani ya chini au ya juu?

Umanjano unaoanzia ncha ya jani la chini na kuingia ndani kwa kufuata mshipa wa kati, ukiwa na umbo la V, ni naitrojeni. Hapo mbolea ya kukuzia ndiyo jibu. Kingo za jani la chini zikiungua huku katikati kukibaki kijani, ni potasiamu. Milia ya manjano kati ya mishipa kwenye majani ya chini inaelekeza kwenye magnesi, na umanjano unaoanzia majani ya juu unaelekeza kwenye salfa. Zambarau kwenye miche michanga huwa ni fosforasi, au baridi, au mizizi iliyobanwa, na mara nyingi hutoweka mizizi ikishapata nafasi.

Zinki ina sura yake ya pekee, na inafaa uijue kwa karibu. Shika jani changa linalotoka moyoni mwa mmea, ulivute taratibu, uangalie nusu ya chini iliyo karibu na bua. Ukiona ukanda mpana mweupe au wa manjano hafifu kila upande wa mshipa wa kati, huku mshipa wenyewe na kingo vikibaki kijani, hiyo ni zinki. Mmea huwa mfupi kwa sababu pingili zimekaribiana. Mara nyingi dalili hutokea ndani ya wiki mbili za mwanzo, kwenye udongo wa kichanga, udongo wenye chokaa nyingi, au mahali palipochongwa udongo wa juu ukaondoka.

Vistari vyembamba vilivyokatikakatika, vimejipanga sambamba na mishipa hadi jani zima linaonekana kama limeshonwa kwa uzi mweupe, ni virusi vya milia vinavyoenezwa na vidudu panzi vidogo. Hakuna cha kupulizia kitakachouponya mmea huo, iwe vitamini au zinki.

Upungufu wa vitamini hauna dalili kwenye jani la mahindi. Hakuna rangi utakayoiona ukasema hapa pamekosekana B1. Ndiyo maana uamuzi wa kununua vitamini hautoki kwenye jani. Unatoka kwenye hali ya hewa na udongo.

Ukivipanga ubavu kwa ubavu

Mbolea ya kukuzia ardhini ndiyo yenye mzigo. Iweke mmea ukiwa na majani 6 hadi 8 yenye kola, ukihesabu yale tu ambayo mstari wa kola pale jani linapoachana na bua umeonekana wazi. Kipindi hicho idadi ya mistari ya punje kwenye hindi inaamuliwa. Udhaifu wake ni kwamba inataka unyevu: yurea iliyoachwa juu ya udongo mkavu hupotea hewani kama amonia, kwa hiyo ifukie sentimita 5 na kuendelea, kando ya shina.

Yurea ya kupulizia ni ya kusukuma tu. Inasaidia pale udongo umekauka kiasi kwamba mizizi haivuti, au mafuriko yameidumaza, na unataka kuuvusha mmea wiki moja au mbili. Usivuke asilimia 2, na tafuta yurea yenye bayureti kidogo, yaani uchafu unaojitengeneza yurea inapotengenezwa kiwandani, maana bayureti ndiyo inayounguza ncha za majani. Yurea ikiyeyuka hupoza maji. Utaona pipa linatoa jasho upande wa nje. Maji yakipoa hivyo, vitu vingine huyeyuka polepole, kwa hiyo kama unachanganya na zinki, yeyusha zinki kwanza, yurea baadaye.

Zinki ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kati ya vitu vya bomba, mradi dalili ipo au udongo wako unajulikana kuwa nayo kidogo. Mchanganyiko wa zamani unaofanya kazi: gramu 100 za zinki salfeti kwenye lita 20, pamoja na gramu 50 za chokaa iliyozimwa. Chokaa inaondoa ukali unaounguza jani. Yeyusha kila kimoja kwenye ndoo yake, changanya, chuja kwa kitambaa kabla ya kutia kwenye bomba, la sivyo nozeli itaziba kwenye mstari wa tatu. Pulizia mara mbili, ya kwanza majani yakiwa 4 hadi 6, ya pili baada ya siku 10 hadi 14. Usiichanganye na mbolea ya majani yenye fosfeti; vitashikana na kuwa unga mweupe usioingia kwenye jani. Zinki ya kilati, yaani iliyofungwa ndani ya molekuli ya kikaboni, haihitaji chokaa, kipimo chake kiko kwenye lebo.

Vitamini huja baada ya hapo, kwa shamba ambalo naitrojeni imewekwa, zinki haidaiwi, magugu yameondolewa, na bado unatarajia ukame wa wiki mbili tatu au unamwagilia maji yenye chumvi. Kati ya C na B1, chagua C kwanza: inayeyuka upesi, ni rahisi kuipata ikiwa safi, na kazi yake kwenye ukame na chumvi inaeleweka vizuri zaidi.

Kuna njia ya tano inayosahauliwa kwa sababu haitumii bomba: kuloweka mbegu. Saa 12 hadi 18 kwenye maji, kausha kivulini mpaka uso wa punje usiwe na maji, panda siku hiyohiyo. Zinki salfeti ya asilimia 1 yaweza kutiwa kwenye maji hayo. Mbegu iliyopakwa dawa ya rangi usiiloweke. Dawa itaishia kwenye ndoo.

Kupulizia vitamini C bila kuipoteza

Vitamini C hufa haraka. Hewa, mwanga, shaba, chuma na maji yenye magadi huiharibu. Ndoo ya plastiki inafaa, pipa lenye kutu halifai. Usiichanganye na dawa za ukungu zenye shaba, wala na mbolea ya majani yenye chuma, wala na chokaa. Hiyo ina maana kwamba vitamini C na ule mchanganyiko wa zinki na chokaa haviwezi kuwa kwenye bomba moja. Acha siku 3 kati yake.

Nunua unga safi wa asidi askobiki. Vidonge vya hospitali vina wanga, sukari na rangi vinavyoziba nozeli, na vile vinavyochemka majini vina sodiamu, ambayo shamba lenye chumvi halihitaji kuongezewa.

Kwa ekari moja, pima gramu 16 kwa mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.1. Ziyeyushe kwenye mililita 800 za maji safi, ndani ya chupa isiyopitisha mwanga. Jaza bomba maji nusu, tia mililita 200 za mchanganyiko huo, kisha jazia hadi lita 20. Umepata miligramu 200 kwa lita. Thiamini ukiitumia ni gramu 2 kwa bomba kupata miligramu 100 kwa lita. Yenyewe hustahimili maji yenye uchachu lakini huvunjika kwenye maji yenye magadi, kwa hiyo yapime maji kwa karatasi ya pH na, yakiwa juu ya 7, ongeza asidi sitriki kidogo kidogo mpaka yasome 5.5 hadi 6. Bomba likishachanganywa limalizwe ndani ya saa 2. Kilichobaki usikihifadhi kwa kesho.

Kabla ya yote hayo, pima mwendo wako. Weka alama eneo la mita 10 kwa 10, jaza maji matupu hadi alama fulani kwenye bomba, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji ya kulirudisha kwenye alama. Yakiwa lita 2, uko kwenye lita 200 kwa hekta na vipimo vyote hapa vinakuhusu. Yakiwa lita 3, kila kipimo kimezidi kwa nusu. Ongeza mwendo au badilisha nozeli.

Wakati ni mapema baada ya umande kukauka, au jioni jua likishalegea. Mvua ikinyesha ndani ya saa 4, hesabu kwamba umeosha majani tu. Jani lililojikunja kama bomba halipokei kitu. Tazama shamba alfajiri: majani yaliyojikunja mchana yakafunguka usiku bado yana nafuu, yakikutwa yamejikunja hata kabla jua halijatoka, umechelewa, kinachotakiwa ni maji. Vitamini hupuliziwa kabla ya ukame kubana, mmea ukiwa na majani 6 hadi 8, na kurudiwa baada ya siku 10 hadi 14.

Umri wa mmea una maana nyingine tena. Dondosha tone la maji kwenye jani la tatu au la nne: linajiviringa kama ushanga na kuteleza hadi chini, kwa sababu majani ya mwanzo yana nta nyingi juu yake. Dondosha kwenye jani la nane: linatanda na kushika. Ndiyo maana kwenye miche midogo stika, yaani kimiminika cha kufanya matone yatande na kushika kwenye jani, inahitajika, kiasi cha mililita 1 kwa lita. Lakini mmea ukishapita majani 8, mpaka mbelewele zitoke, stika iache. Stika zinazotumika sana zikipuliziwa wakati mmea una majani 12 hadi 14 zimehusishwa na mahindi kudumaa: bua refu, majani mazuri, na ndani ya maganda hindi la urefu wa kidole. Wakati mbelewele zinamwaga chavua pia usipulizie kitu asubuhi, kwa kuwa chavua iliyolowa haifiki kwenye ndevu.

Na bomba liwe halijawahi kubeba dawa ya magugu, au lioshwe mara tatu pamoja na mpira na nozeli. Madoa meupe yakitokea mahali pamoja na moyo wa mmea ukioza siku chache baada ya "vitamini", mara nyingi mkosaji ni mabaki hayo.

Kujua kama imelipa

Acha mistari minne isiyopuliziwa kitu, minne iliyopuliziwa maji matupu pamoja na stika ileile, na minne iliyopata vitamini. Rudia mpango huo mahali pengine patatu shambani, siyo kwenye kona moja yenye rutuba. Ile ya maji matupu ni ya lazima, kwa sababu kwenye ukame hata maji yenyewe juu ya jani hupoza mmea kidogo.

Wakati wa kuvuna chukua mistari miwili ya katikati. Kama nafasi kati ya mistari ni sentimita 75, mita 13.3 za mstari mmoja ni mita za mraba 10, na kila kilo ya punje utakayopata hapo ni sawa na tani 1 kwa hekta. Pima unyevu wa punje, kisha urekebishe uzito wote uwe wa asilimia 13: toa unyevu uliopima kutoka 100, zidisha uzito kwa jibu hilo, gawa kwa 87. Kilo 5 zenye unyevu wa asilimia 20 zinakuwa kilo 4.6. Bila marekebisho hayo, mistari iliyochelewa kukauka itaonekana imeshinda kwa uzito wa maji tu.

Baada ya hapo linganisha sehemu zote nne. Ikiwa mistari ya vitamini yenyewe kwa yenyewe inatofautiana kwa kilo 0.6 kutoka sehemu moja hadi nyingine, na wastani wake unaipita mistari ya maji matupu kwa kilo 0.2, hiyo ni tofauti ya udongo, na fedha ya msimu ujao ipelekwe kwenye mbolea ya kukuzia au zinki. Ikiwa vitamini imeongoza kila sehemu, zote nne, na ongezeko la kilo likiuzwa linarudisha gharama ya unga na ya siku mbili za kupulizia, iweke kwenye ratiba ya shamba hilo, kwa msimu wa ukame.